Marehemu wa Basotu

Basotu,
9 Februari 2025

Dada Gaudensia,

Shikamoo. Naandika kwa kalamu kwa sababu umenifungia namba, na sikulaumu. Mtu aliyetumiwa meseji sitini na tatu kwa siku moja ana haki ya kufunga. Barua hii naiweka kwenye gari la Mbulu, utaikuta ofisi ya vifurushi. Nimekaa nayo siku mbili kabla ya kuituma. Hilo ni agizo la Nesi Mwantumu wa kliniki ya afya ya akili, ninayemwona kila Alhamisi tangu nilipotoka wodini mwaka jana. Anasema chochote nilichokiandika kikiwa cha moto kilale kwanza.

Sasa hivi nakaa Basotu. Nakaanga perege kwa mama mmoja mfanyabiashara anaitwa Raudha, mtu wa maneno machache, aliyenipokea akijua. Nilimwambia siku ya kwanza: mimi hukasirika kupita kiasi, na mtu akichelewa dakika kumi naona amenitupa. Akasema, "Hapa samaki akiungua unakatwa mshahara, mengine ni yako na Mungu." Nimekaa naye miezi kumi na moja. Unajua mwenyewe sijawahi kukaa mahali popote miezi kumi na moja. Hata tumboni kwa mama nilitoka kabla ya wakati.

Ugonjwa umepata jina. Daktari aliuita tatizo la haiba ya mpakani. Nilivyoelewa mimi, hasira yangu na hofu yangu na upendo wangu havina breki, na mtu ninayempenda leo kama malaika, kesho akininunia tu ananigeukia kuwa adui. Dawa yake kubwa si vidonge. Ni kujifunza upya, polepole, kama mtoto wa chekechea. Najifunza.

Naomba kitu kimoja. Nimwone mwanangu Tekla siku ya Pasaka, nyumbani kwako Daudi, ukiwepo. Nusu saa inatosha. Simchukui. Najua nilichofanya Dongobesh.

Mdogo wako,
Oliva

*

Daudi,
17 Februari 2025

Oliva,

Marahaba. Barua imefika. Mwandiko umekuwa mzuri, hongera. Hicho ndicho kitu pekee nilichokiona kipya.

Haiba ya mpakani. Mpaka upi, wa Namanga? Baba alikuwa akilewa anatupiga sote wawili kwa fimbo moja, na mimi nikaenda shule, nikafaulu, nikaolewa, nikajenga. Hakuna daktari aliyenitafutia jina. Wewe kwa mwaka mmoja uliacha kazi ya chekechea, ukaacha ushonaji, ukaacha wanaume wawili. Ukija ni machozi, ukiondoka vyombo vimevunjika. Sisi huku Daudi hali hiyo tunaiita deko.

Unasema unajua ulichofanya Dongobesh. Sidhani, maana hukubaki kuona. Ulikuja hapa Novemba ya mwaka 2023, ukanitukana mbele ya darasa la tano, ukamchukua mwanao uliyekuwa umeniachia. Mkafika stendi ya Dongobesh. Yule Festo wako akakupigia simu kwamba hakutaki tena. Ukamkalisha mtoto wa miaka minne juu ya gunia la vitunguu saumu la mzee Hatibu, ukamwambia unakwenda chooni, ukapanda gari la Babati kumfuata mwanamume. Mzee Hatibu alikaa naye mpaka jioni, akamnunulia maandazi, akauliza watu mpaka akapata namba yangu. Nilipofika mtoto alikuwa amejikojolea, lakini hakuwa amesogea hata hatua moja, kwa sababu mama yake alimwambia asisogee.

Tekla anaendelea vizuri. Anakula, anacheza, na haulizi habari zako. Pasaka tutakuwa na wageni. Usije.

Mwalimu Gaudensia Bura

*

Basotu,
21 Februari 2025

Gaudensia,

Sikuamkii. Shikamoo ni ya watu wakubwa, na wewe ni mrefu tu.

Umeisoma barua yangu kama daftari la mwanafunzi, kalamu nyekundu mkononi, ukaona mwandiko. Ndivyo ulivyo tangu tukiwa watoto Tumati. Ulikuwa unangoja nianguke, kwa sababu bila mimi chini hakuna atakayejua kwamba wewe uko juu. Umeolewa na Yoakimu, mtu ambaye hata mbuzi wake wanamkwepa, ukajenga nyumba ya bati la bluu, basi unajiona wewe ndiye mtakatifu wa parokia.

Deko. Njoo uone makovu ya mkono wangu wa kushoto, uhesabu deko moja moja.

Unamng'ang'ania mwanangu kwa sababu Mungu alikagua tumbo lako akaona hapafai kukaa mtoto. Huyo si wako. Hata akuite mama mara elfu moja, nilimzaa mimi, na ukinikatalia nitakuja kumchukua, na safari hii nitakuja asubuhi wakati wa paredi, shule nzima isikie mwalimu wao ni mtu wa namna gani.

Sina dada.

O.

*

Basotu,
28 Februari 2025

Dada,

Shikamoo. Barua ya tarehe 21 ilipanda gari dakika chache baada ya kuandikwa. Sikuilaza. Nilikimbia nayo stendi na aproni ya mafuta mwilini. Baadaye nilirudi kuifuata, gari lilikuwa limeshaondoka.

Nilichoandika juu ya tumbo lako ni uovu. Sisemi ugonjwa ndio ulioshika kalamu. Ugonjwa ulileta moto, lakini pa kuutupa nilipachagua mimi, na nilichagua panapouma kwa sababu napajua. Ulipopoteza mimba ya tatu mimi ndiye niliyekushika kichwa.

Mchana ule aibu ilinishika mpaka nikataka kujiumiza kama zamani. Sikujiumiza. Nilimwambia Raudha, "Leo usiniache peke yangu na kisu." Alichukua kisu, akanirundikia masufuria niyasugue, yote, hata yaliyokuwa safi, naye akakaa mlangoni akichagua mchele mpaka nilipomaliza. Mikono ilichubuka kwa steelwire na jua likazama nikiwa bado nipo.

Jana nilimweleza Nesi Mwantumu. Hakunipa pole. Alisema, "Sasa mwandikie bila kuomba chochote." Ndiyo hii. Siombi Pasaka. Siji paredi. Siombi jibu.

Oliva

*

Daudi,
2 Juni 2025

Oliva,

Hii si barua ya suluhu. Ile ya tarehe 21 Februari ninayo sandukuni. Sijaichana, kwa sababu siku nikianza kukuhurumia nitaitoa niisome.

Nina swali na sina mwingine wa kumwuliza. Padre aliniambia nisali. Yoakimu aliniambia nitumie fimbo. Nimebaki na wewe, na unaweza kufikiria jambo hilo linavyonikera.

Nilikuandikia kwamba Tekla anaendelea vizuri. Haendelei vizuri. Tangu Januari hawezi kuniona natoka. Nikivaa viatu anakumbatia mguu wangu. Nikifika getini anapiga kelele mpaka anatapika. Amemng'ata Yoakimu mkono hadi damu. Juzi nilichelewa kurudi kutoka mnadani, nikamkuta amejifungia kabatini. Aliponiona hakufurahi. Alinipiga usoni kwa nguvu zake zote, kisha akanikumbatia, akasema mimi ni mtu mzuri kuliko watu wote. Nilisimama pale nikakuona wewe. Macho yako, mikono yako, upuuzi wako wote ndani ya mtoto wa miaka sita.

Ikikushika, unafanyaje? Jibu kwa ufupi. Sitaki historia ya maisha.

Gaudensia

*

Basotu,
8 Juni 2025

Dada,

Shikamoo. Kwa ufupi, basi.

Usimpige na usimwambie anyamaze. Kaa chini, uwe chini kuliko yeye, jambo ambalo litakuwa zoezi kwako. Mwambie kile unachokiona: "Unaogopa." Usimuulize kwa nini, wakati huo hajui. Mpe maji ya baridi aoshe uso na mikono, ngoja. Itapanda, itafika juu, itashuka. Hushuka yenyewe ukiacha kuichochea. Na ukitoka usimtoroke. Mwambie unakwenda wapi na utarudi saa ngapi, mwonyeshe kwenye saa ya ukutani, halafu urudi saa hiyo hata kama kikao cha walimu hakijaisha.

Hayo ndiyo yanayonisaidia mimi. Kama yeye ana ugonjwa wangu, sijui, na hakuna anayejua. Nilianza kumwuliza Nesi Mwantumu akanikatiza. Mtoto wa miaka sita hapewi jina hilo. Alisema mtoto aliyeachwa stendi ana sababu ya kushika miguu ya watu. Sababu hiyo niliiweka mimi, kwa hiyo usihangaike kuitafuta kwenye damu.

Lakini kuna kitu hakikai sawa. Dongobesh ilikuwa Novemba ya mwaka juzi. Wewe unasema ameanza Januari hii. Hapo katikati kuna mwaka mzima na zaidi. Januari kulitokea nini? Mwulize akiwa ametulia: anadhani ukitoka kunatokea nini? Usimsahihishe. Msikilize mpaka amalize, najua hilo chuoni hamkufundishwa.

Oliva

*

Daudi,
19 Juni 2025

Oliva,

Nimemwuliza. Tulikuwa tunachambua maharage. Alijibu bila kuniangalia: "Ukitoka utakufa kama mama."

Naandika jambo hili mara moja na sitalirudia. Ulipotoweka alikuuliza kila siku. Kila siku, Oliva, zaidi ya mwaka mzima. Pikipiki ikipita barabarani anakimbilia getini. Mwanzoni mwa Januari aligoma kula, akasema atakula ukirudi. Siku ya pili ya kugoma nilimwambia umekufa. Nilimwambia ulipanda gari, ukaugua njiani, ukafa. Nilimpeleka kanisani tukawasha mshumaa. Alilia siku tatu, kisha akanyamaza, akala. Nilijipongeza. Niliona ni huruma: mtu akifa watu wanalia, wanamaliza, wanaendelea. Mtu kama wewe haishi kuliliwa.

Kwa hiyo nilipokuandikia Februari kwamba haulizi habari zako, nilikuwa nasema kweli. Ilikuwa kweli kwa wiki sita.

Nimefundisha miaka kumi na tisa. Nimewachapa watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko huu, na nikaenda nyumbani nikala vizuri.

Sasa unayo silaha, na najua mikono yako inavyopenda silaha. Ukija paredi nitakuwa nimesimama mbele, na sitakuwa na la kujibu.

Gaudensia

*

Basotu,
4 Julai 2025

Dada,

Shikamoo. Barua yako ilifika tarehe 23. Nimechukua siku kumi na moja kwa sababu barua tatu za kwanza zilikuwa za kuua mtu. Nilimsomea Nesi Mwantumu zote. Ya pili aliisifu kwa lugha, kisha akaichana.

Hii ni ya nne. Nakudharau. Nataka uisome kauli hiyo ikiwa imelala na kuamka, usije ukasema nilikuwa nimeshikwa. Ulimzikia mwanangu mama aliye hai kwa sababu ulichoka kuulizwa. Ukamwashia mshumaa. Mimi nilimwacha nikiwa nimepagawa, na ninabeba hilo. Wewe ulikuwa na akili zako zote, umekaa kwenye kiti, na kitambaa umetandika mezani.

Na siku hizohizo ulikuwa unaamka alfajiri kumchemshia uji. Ulikuwa unafua mashuka yake. Ulimfuata Dongobesh kwa pikipiki ya kukodi, kwenye mvua, wakati mama yake alikuwa Babati akigonga mlango wa mtu asiyefungua. Yote mawili ni kweli. Zamani ningelazimika kuchagua moja, ama wewe ni shetani ama mimi ni takataka. Ilikuwa rahisi zaidi.

Sitakuja paredi. Nataka hivi. Mwambie wewe, kwa mdomo uleule. Usiseme alisikia vibaya. Usiseme nimefufuka kwa maombi. Kisha mwulize kama anataka kuniona. Akitaka, nitakuja Jumamosi moja. Asipotaka, nitangoja, na sitakutumia meseji hata moja.

Oliva

*

Daudi,
14 Julai 2025

Oliva,

Nilimwambia jana baada ya misa. Nilikaa kwenye kigoda, nikasema, "Mama yako hakufa. Nilikudanganya." Alikuwa anavua soksi. Akauliza, "Hata kidogo?" Nikasema hata kidogo.

Alinitazama kuanzia viatuni mpaka kichwani, akanyanyua soksi zake, akaondoka. Mtazamo ule naujua. Nimewapa wanafunzi wanaochelewa, na wazazi wasiojua kusoma, na wewe. Wewe nimekupa tangu ukiwa na umri wa huyu. Sikuwahi kuupokea. Sikujua kwamba mtu akitazamwa hivyo hata mikono yake haijui pa kukaa.

Hakunisemesha mpaka leo asubuhi, aliponiambia uji una chumvi. Nilipomwuliza kama anataka kukuona alisema, "Nimwone tu."

Njoo Jumamosi tarehe 19, saa nne asubuhi. Uondoke saa nane. Usilie mbele yake, usimwahidi kitu, na usije na samaki wa kukaanga, huku watu wanaumwa tumbo. Mimi nitakuwa jikoni. Yoakimu atakwenda kwa kaka yake, kwa sababu ana maoni.

Gaudensia

*

Basotu,
21 Julai 2025

Dada,

Shikamoo. Nimefika salama. Ulikaa jikoni kama ulivyosema, na ulikuwa unasikiliza dirishani, nilikiona kitambaa chako cha kichwa. Lakini Tekla anaongea chini chini, kwa hiyo mengi yamekupita. Nakuandikia si kwa wema. Wewe ndiye unayelala naye nyumba moja, lazima ujue anachojua.

Alisimama karibu na tanki la maji, mimi nikabaki penye ngazi. Aliniuliza, "Ulipokuwa umekufa ulikuwa wapi?" Nikamwambia sikuwa nimekufa, nilikuwa hospitali, kisha nikawa Basotu. "Basotu kuna nini?" Nikasema kuna ziwa, na samaki, na viboko. Aliwafikiria viboko muda mrefu.

Kisha akasema, "Uliniacha juu ya vitunguu."

Nikasema ndiyo.

"Ulisema unakwenda chooni."

"Ndiyo. Nilikudanganya. Wewe hukufanya kosa lolote. Ulikaa vizuri kabisa."

"Nyie wote mnadanganya," akasema.

Hapo, dada, nilikuwa na maneno tayari. Mazuri, ya kunitenga na wewe kwa sentensi moja, na angeyaamini. Yalifika mpaka kwenye meno. Nikasema ndiyo, tulikudanganya, wote wawili, na hakuna mmoja wetu aliyefanya vizuri. Bado nakuona ni mtu wa majivuno, na chai yako ni maji ya kuoshea vikombe. Lakini sikukuuza.

Akauliza kama nitakasirika tena. Swali hilo sikulitegemea. Nilitaka kusema hapana, nikakumbuka umenikataza ahadi, na safari hii ulikuwa sahihi. Nikamwambia nitakasirika, tena mara nyingi, ila siku hizi nakasirika nikiwa nimekaa.

"Nionyeshe," akasema.

Basi nikakaa chini, kwenye vumbi, na gauni langu la kanisani. Nikakunja uso. Nikashika magoti kwa mikono miwili, nikahema kama Nesi Mwantumu anavyotufundisha, nikavuta pumzi, nikaiacha polepole. Alinikagua mbele na nyuma. Kisha akaja akakaa, si karibu, umbali wa beseni kati yetu, akashika magoti yake, akakunja uso na yeye. Tulikasirika pamoja, kimya, mpaka ulipotoka na sahani za wali ukatuuliza kuna nini, na hakuna aliyekujibu.

Oliva